Sentimita Nne kwenye Karatasi ya Kumi na Saba

Kazini walimwita Milimita, na jina lenyewe hawakumpa kwa mapenzi. Alilipata mwaka wake wa tatu katika ofisi ya ramani, siku aliyomrudishia mwenzake kazi ya wiki sita kwa sababu mpaka wa msitu ulikuwa umeingia nusu milimita ndani ya barabara. Mwenzake akamwambia, "Ndugu yangu, nusu milimita hata sisimizi haioni." Naye, bila kuinua kichwa, akajibu kwamba sisimizi hatumii ramani.

Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Mkate aliukata vipande vilivyolingana utadhani vimetoka kiwandani, picha za ukutani alizitundika kwa timazi ya waashi, na akikuta kitambaa cha meza kimeshuka upande mmoja hali chakula mpaka kikae sawa. Mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuunganisha simu katika hospitali kubwa ya mji, aliwaambia rafiki zake kwamba yeye hakuolewa na mtu, aliolewa na rula. Alisema hivyo akicheka.

Tusimwonee, lakini. Mchora ramani ni mtu anayeaminiwa na watu asiowajua. Mpima ardhi ndiye anayekwenda porini na vyombo vyake, anaandika vipimo kwenye daftari, daftari linaletwa ofisini, na mchora ramani, ambaye pengine hajawahi kukanyaga huko, anayageuza maandishi yale kuwa mistari. Kuna kanuni moja ambayo kila anayeanza kazi hiyo hufundishwa kabla hajaonyeshwa hata choo kilipo: usilolijua usilichore. Acha pengo jeupe, na ndani yake uandike kwa herufi ndogo, "haijapimwa". Milimita aliwafundisha vijana wengi kanuni hii. Yeye mwenyewe aliivunja mara moja tu, akiwa na miaka arobaini, na mara moja hiyo ilimtosha.

Ilikuwa Karatasi ya Kumi na Saba. Karatasi hiyo ni ya pwani, upande ule ambao ardhi haiteremki baharini taratibu bali inakatika ghafla, kuta za mwamba zenye kimo cha ghorofa kumi, na chini yake maji. Kuna njia ya miguu huko, nyembamba, mara inapita juu ya kuta, mara inashuka na kufuata vibaraza vya mwamba karibu na mawimbi. Mpima ardhi aliyetumwa alikaa wiki tatu. Daftari lake lilipofika ofisini lilikuwa limenyeshewa. Kurasa zote zilisomeka isipokuwa mmoja, ambao penseli yake ilikuwa imeyeyuka ikabaki kama maji ya kuoshea vyombo. Ukurasa huo ulihusu kipande cha kilomita moja, kutoka mdomo wa kijito hadi rasi inayofuata. Kwenye karatasi, kilomita hiyo ni sentimita nne.

Mpima ardhi alikwisha pelekwa kazi nyingine mbali, mahali pasipo na simu. Karatasi ilitakiwa kwa mchapaji Jumatatu. Na Milimita alikuwa na ugonjwa wake, majivuno: hakuna karatasi yake hata moja iliyowahi kutoka na pengo. Mapengo ya wenzake aliyaita meno yaliyong'oka. Basi akaitazama njia inavyofika kwenye kijito, akaitazama inavyoanza tena kwenye rasi, akajiambia kuwa njia haina mabawa, lazima katikati ipo. Akachovya kalamu, akaunganisha. Vistari vidogo vidogo, safi, juu ya kibaraza cha mwamba alichokikisia mwenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote juu ya mtu anayeziba ufa kwa wino.

Hakuna aliyegundua. Wavuvi wa kule hawasomi ramani, na wasomaji wa ramani hawaendi kule. Miaka mitano baadaye ikaja barua moja ofisini, ya mwalimu aliyekwenda kutembea na mkewe. Aliandika kwa adabu kwamba karibu na kijito njia ilikuwa imewapotea, wakarudi. Barua ikaangukia meza ya Milimita ajibu, na Milimita akajibu kwamba mwamba wa pwani humomonyoka, huenda njia imekwenda na maji. Akatia sahihi. Uongo ni kama kuku, hautagi yai moja.

Mambo yangeishia hapo ofisini kama asingeleta nakala nyumbani. Lakini aliileta, mwaka ule ule ilipochapishwa, akaitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni kwa timazi kama kawaida yake, maana ilikuwa karatasi nzuri kuliko zote alizowahi kuchora. Mkewe akasimama mbele yake na kikombe cha chai mkononi. Mwanamke yule alikuwa anashinda amekaa kitini tangu asubuhi mpaka jioni, waya masikioni, akiwapa watu sauti za watu wengine. Akaifuata njia ile kwa kidole, kutoka daraja la zamani hadi mnara wa taa, halafu akauliza, "Hii tutaitembea lini?"

"Tutakwenda," akasema Milimita. Angesema nini kingine.

Mwaka wa kwanza kisingizio kilikuwa mvua. Wa pili, likizo hazikuangukiana. Wa tatu, mtoto ana mitihani, na mtoto mwenyewe alikuwa darasa la nne. Mwaka wa nne mkewe alipouliza tena, Milimita, ambaye ghala lake la visingizio lilikuwa tupu, akamtazama na kusema, "Kwa pumzi zako hizo?" Ni kweli mkewe alikuwa na pumzi fupi, akibeba ndoo alisimama njiani. Alimwambia kwa sauti ya upole, na ubaya wake ulikuwa hapo hapo, kwa sababu mkewe aliamini. Aliendelea kuuliza, lakini si kila mwaka, na kwa sauti ya mtu anayetania. Kisha akaacha. Miaka minne iliyopita akaugua siku tisa, akafariki.

Milimita alijua vizuri kwa nini hakumpeleka. Bahari haikumtisha, wala kimo. Alichoogopa ni kufika pale kwenye kijito, mkewe atazame mbele aone hakuna kitu, halafu ageuke amtazame yeye.

Binti yao ni mmoja tu. Ana miaka thelathini na nane, anaendesha kreni bandarini. Kutwa yuko ndani ya kibanda cha kioo mita arobaini juu ya ardhi, akinyanyua makontena na kuyaweka mahali pake taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Jumapili moja alasiri alikuja kwa baba yake na mfuko wa karatasi, akasimama mbele ya ukuta.

"Shikamoo, baba. Naomba ramani yako."

"Marahaba. Ipi tena?"

"Hii hii. Nataka kuitembea. Mimi na wenzangu wawili wa kazini, Jumamosi ijayo. Tumeomba ruhusa sote watatu, tumepewa."

Milimita alikuwa ameshika sahani. Akaiweka chini polepole.

Binti akaishusha fremu, akaitoa karatasi, akaitandaza mezani. Akatoa uzi mwekundu, akaulaza juu ya njia, akaufuatisha kila kona mpaka mwisho, kisha akaunyoosha kwenye rula. Hiyo ni mbinu ya baba yake, alimfundisha akiwa na miaka minane. Mtoto wa nyoka ni nyoka. "Kilomita kumi na nane," akasema. "Tunaanza darajani saa kumi na mbili asubuhi. Saa tano tuko kwenye kijito. Nimeangalia jedwali la maji: Jumamosi ni bamvua, maji yanatoka mbali kuliko siku zote, na yanakupwa kabisa saa tano na nusu. Kwa hiyo hapa," akaweka kidole juu ya zile sentimita nne, "tunapita kibaraza kikiwa kikavu. Dakika ishirini, ishirini na tano. Kabla maji hayajageuka tuko upande wa pili."

"Na yakigeuka mapema?"

"Bamvua haligeuki mapema, baba, wewe ndiye uliyeniambia. Ila tukichelewa hatupiti. Nimeandika hapa: mwisho wa kuingia ni saa sita kasoro robo."

Alikuwa ameandika kweli. Orodha ilikuwa na vichwa vya habari na mistari iliyopigwa kwa rula. Maji, lita tatu kila mtu. Viatu, soli ya mpira laini, visivyo vipya. Kamba, mita ishirini. Bandeji, filimbi, chumvi. Milimita aliisoma yote, na kila alipofika mwisho wa mstari moyo wake ulizama kidogo zaidi, kwa sababu orodha haikuwa na kosa. Kosa lote lilikuwa kwenye ramani. Watu watatu wangeshuka kwenye kibaraza kisichokuwepo, saa tano mchana, wakitafuta njia mbele huku bamvua likijiandaa kurudi.

Hapo ndipo angesema. Mdomo aliufungua kabisa. Lakini binti akacheka na kumwonyesha simu yake. "Hata humu imo, tazama. Njia ile ile, vistari vile vile. Nimewaambia wenzangu, hiyo simu mnayoiamini, kaichora baba yangu kwa mkono." Na uso wake ulikuwa umejaa fahari, fahari ya wazi, ya mtoto mdogo, ambayo Milimita hakuwa ameiona tangu mazishi.

Akafunga mdomo. "Viatu vyako viko wapi nivione," akasema.

Jumatatu alimpigia simu kumwambia kuwa upepo wa juma hili si mzuri. Binti akasema amepiga simu kituo cha hali ya hewa, upepo ni wa kawaida. Jumanne akampigia kuwa mita ishirini za kamba hazitoshi. Binti akasema ataongeza kumi. Kisha, "Baba, sema tu. Unadhani siwezi?"

"Sijasema hivyo."

"Husemi, lakini nasikia." Akakata simu, si kwa hasira, ila kwa haraka ya mtu anayerudi kazini. Milimita akabaki ameishika mkononi. Alikuwa ameanza kumfanyia binti alichomfanyia mama yake, na alilijua hilo wazi kama anavyoijua rula yake.

Jumatano akaenda kwa mpima ardhi. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na zaidi. Mpima ardhi, ambaye zamani alikuwa anapanda milima na mizigo miwili, sasa anatembea kwa kuegemea fremu ya chuma ya wagonjwa, na alimpokea barazani kwake akiwa amevaa soksi za rangi mbili tofauti. Milimita alikwenda na tumaini moja, dogo na la aibu: kwamba aambiwe njia ipo. Kwamba mkono wake ulikisia sawa. Mtu hupiga ramli hata kwa jambo ambalo jibu lake analo mfukoni.

"Kaka," akaanza baada ya salamu, "unaikumbuka Kumi na Saba? Pale kati ya kijito na rasi?"

"Naikumbuka kuliko harusi yangu."

"Njia inapita wapi pale?"

Mpima ardhi akamtazama. "Njia ipi? Pale hakuna njia, Milimita. Ni ukuta. Maji yakijaa yanaupiga mwamba mpaka unatikisika. Mimi nilipanda juu nikazunguka kwenye mashamba. Si niliandika? Niliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: hakuna njia."

"Daftari lilinyeshewa. Ukurasa ule haukusomeka."

"Sasa ukafanyaje?"

"Nikaunganisha."

Mpima ardhi akaanza kucheka. Alicheka kwa kikohozi, akipiga goti lake kwa kiganja. Milimita, mzee wa nusu milimita, kaunganisha. Halafu kicheko kikapungua, kikaisha, na uso wa yule mzee ukabadilika.

"Mimi niliiona ile karatasi ilipochapishwa," akasema. "Nikaona njia imechorwa pale. Nikasema, basi wametuma mtu mwingine baada yangu, kijana, kapita mahali mimi nilipoogopa. Maana niliogopa kweli, sikufichi. Nilisimama pale nikaona maji, miguu ikakataa. Nikafikiri labda njia ilikuwepo, mimi ndiye sikuiona kwa woga."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Niulize nini? Nijitangaze?" Akarekebisha soksi yake moja, ambayo haikuhitaji kurekebishwa. "Mwaka uliofuata niliomba kuhamishiwa ofisini. Nilisema ni mgongo. Haukuwa mgongo. Miaka yote hii nimejua kuwa mimi ni mwoga, Milimita. Nimezeeka nalo."

Milimita alitaka kusema samahani, na alisema, lakini neno lilitoka dogo. Mtaani mtu alikuwa anagonga bati. Wakati wa kuondoka mpima ardhi alimshika mkono, akamwambia, "Mwambie mtoto. Usingoje hata kesho." Akamweleza njia ya juu inakoanzia, nyuma ya kijito, penye mti uliopinda na ukuta wa mawe wa shamba, na Milimita akaichora kwenye karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo.

Alhamisi alipiga simu mara nne saa za kazi, lakini kwenye kreni simu huzimwa, na jioni ujasiri ukamwishia. Ijumaa saa tisa alasiri binti akaja mwenyewe kutoka zamu, bado na fulana ya kazi, kuchukua ramani. Mkoba alikuwa ameshaupanga. Milimita alikuwa amekaa kwenye kiti cha meza, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Kaa," akasema.

"Baba, kama ni upepo tena..."

"Si upepo. Kaa, mwanangu."

Akamwambia. Alianza na daftari lililonyeshewa, akaenda mpaka Jumatatu ya mchapaji, mpaka barua ya yule mwalimu na jibu alilolitia sahihi. Hakujitetea. Alipofika kwa mpima ardhi na miguu iliyokataa, akanywa maji, akaendelea. Mwisho akaweka mezani ile karatasi ya pakiti ya sigara.

Binti akavuta Karatasi ya Kumi na Saba karibu, akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kijito. "Kwa hiyo hizi sentimita nne zote," akasema, "ni wewe tu."

"Ni mimi tu."

"Na simu zote za watu."

"Nazo."

Akatikisa kichwa, na Milimita, ambaye alikuwa amejiandaa kwa kilio au kelele, akaona kuwa binti anacheka. Cheko la puani, la uchovu. "Baba, wewe. Ulinirudishia barua ya kuomba kazi mara tatu kwa sababu ya mkato." Akachukua simu, akawapigia wenzake, akawaambia kwa maneno machache kwamba kuna mabadiliko, baada ya kijito wanapanda juu, hawashuki kwenye mwamba. Mmoja akauliza kwa nini. "Baba amekagua upya," akasema binti. Akakata. Akachukua penseli, akaandika juu ya zile sentimita nne, kwa herufi ndogo zilizonyooka: haijapimwa.

Milimita alihisi mzigo wa miaka thelathini na moja ukimtoka mabegani. Hata njaa aliisikia. Aliinuka achemshe chai, na alikuwa amempa mgongo, sufuria mkononi, binti alipouliza.

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Ndiyo maana hukumpeleka."

Halikuwa swali. Milimita akafungua bomba, maji yakaingia sufuriani, akayaacha yajae mpaka yakamwagika. "Ndiyo," akasema. "Ningefika naye pale angeona."

"Alikuwa anapanda ngazi," akasema binti.

"Ngazi gani?"

"Za hospitalini. Nikitoka shule nilikuwa nampitia kazini, unakumbuka. Akimaliza zamu tulikuwa haturudi moja kwa moja. Ananiacha kwenye benchi na mkoba wake, anapanda ngazi mpaka ghorofa ya sita, anashuka. Kila siku. Mwanzoni alikuwa anaishia ya pili, anakaa chini, midomo imebadilika rangi. Nilikuwa naogopa. Nikamuuliza, mama, kwani lazima? Akasema, baba yako anasema pumzi zangu hazitoshi kwa ile njia. Zikitosha atanipeleka. Akaniambia nisikwambie, tutakushtua."

Milimita alifunga bomba.

"Miaka miwili," binti akaendelea, sauti yake ikiwa bado ya chini, macho kwenye ramani. "Nilikuwa kidato cha kwanza siku aliyofika ya sita bila kusimama. Alishuka anatembea kama bibi harusi. Akanunua soda mbili. Akasema, leo namwambia."

"Hakuniambia," akasema Milimita. Lakini alipokuwa analitamka tu neno hilo, likamjia. Jioni ile. Yeye kwenye kiti hiki hiki, gazeti mbele ya uso, na mkewe amesimama mlangoni na viatu vya kazini, akisema, "Siku hizi naweza kupanda ngazi mpaka juu bila kuhema." Na yeye, nyuma ya gazeti, alisema nini? Alisema, "Vizuri, ni afya hiyo." Akageuza ukurasa. Mkewe alisimama pale kidogo, kisha akaenda kuvua viatu.

Aliketi. Chai hakuipika. Alitaka kumweleza binti jioni ile, akashindwa kwa sababu hakukuwa na namna ya kuieleza ambayo ingemwacha na uso. Akaieleza hata hivyo. Binti alisikiliza mpaka mwisho, na machozi yalimtoka bila kelele, akayafuta kwa mkono wa fulana.

"Unajua angefanya nini?" akasema. "Angefika pale kwenye kijito, angeona hakuna njia, angekucheka mpaka akae chini. Rula imepinda, angesema. Halafu angezunguka tu, baba. Mama asingerudi nyumbani kwa ajili ya mstari."

"Najua," akasema Milimita. Na kweli alijua. Nadhani alikuwa anajua siku zote, kwa kuwa aliishi na mwanamke yule miaka arobaini na hakuwahi kumwona akimwaibisha mtu. Alimjua, na bado alimwogopa, na kati ya mambo hayo mawili aliufuata woga. Sasa aliyasema hayo kwa sauti, mbele ya mtoto wake, na hayakumpunguzia chochote.

Nje jua lilikuwa bado kali, watoto wa jirani wanapiga mpira ukutani. Binti akajipangusa uso kabisa, akavuta orodha yake, akaivuta na ile karatasi ya pakiti ya sigara, akachukua rula ya baba yake bila kuomba. Saa zote za Jumamosi mchana zilihitaji kupangwa upya.

"Kuzunguka ni muda gani?" akauliza.

"Mpima ardhi anasema saa moja."

"Na kwa mtu mwenye pumzi fupi?"

Milimita akaitazama njia ya juu, mti uliopinda, ukuta wa mawe. Hesabu hiyo hakuwahi kuipiga.

"Saa moja na nusu," akasema. "Akipumzika mara mbili."

Binti akaandika.